Panauma Wapi

Tulianza kumi na wawili. Mwaka wa tatu tumebaki wanne,
na huyo Gyu-won haonekani Jumatatu,
kazi yake ya usiku haimwachii macho.
Mlangoni, kibao cha Idara ya Kijerumani kinaning'inia kwa msumari mmoja;
wa pili waliung'oa walipokuja kupima ukuta
kwa ajili ya kibao kipya, cha idara itakayotumeza.
Profesa Noh hufundisha kana kwamba ukumbi umefurika.
Hupaza sauti.
Hutazama viti vya nyuma.

Baba aliuliza mara moja tu, akikaanga mayai:
"Hicho Kijerumani kitakulisha?"
Sikumjibu. Mayai yalikuwa matamu.

Nimejifunza kwamba mwezi ni mwanamume, jua ni mwanamke,
na msichana si huyu wala yule:
ametiwa kapu moja na kitabu,
na maji, na jumba la makumbusho.
Nilicheka mpaka Yun-seol akanikanyaga mguu.
Nimejifunza kwamba penye "kwa sababu"
kitenzi hukimbilia mwisho wa sentensi, kikaketi huko.
Wanafunzi wa nchi nyingine, asema Profesa,
kanuni hiyo huwatoa machozi.
Sisi tulitazamana. Hapa Daegu
kitenzi hakijawahi kuketi penginepo;
tangu tukinyonya tumezoea kungoja neno la mwisho
ndipo tujue kama tunapendwa au tunafukuzwa.

Bibi Ok-rye aliondoka na miaka ishirini na miwili,
koti la kuazima,
na theluthi ya kamusi.
Wauguzi watatu, kamusi moja: waliikata kwa kisu cha jikoni
uwanjani, kabla ya kupanda ndege.
Yeye aliangukiwa na kipande cha mwisho, S mpaka Z.
Ndiyo maana alijua Schmerz kabla ya Brot,
maumivu kabla ya mkate;
alijua Tod, alijua Wunde, alijua warten,
kifo, kidonda, kungoja,
na asubuhi njema akaiokota baadaye, ukumbini, kwa wagonjwa.
Miaka kumi na mmoja Gelsenkirchen
aliwaogesha wazee wa migodini
ambao makaa hayakuwatoka chini ya kucha
hata walipokuwa hawana tena pumzi ya kuyalaani.

Siku hizi Kikorea kinamtoka kama nywele,
kidogo kidogo, mtoni mwake asubuhi.
Jana walinipigia simu kutoka makao ya wazee:
"Njoo. Bibi yako ameamka anasema lugha isiyojulikana."

Nilikwenda na mkoba wangu,
ndani yake insha ya kurasa tisa
juu ya mambo ambayo yangekuwa, lau yangekuwa.
Nikamkuta ameinama kitanda cha nne,
amemshika Bi. Pyo kifundo cha mkono,
anahesabu mapigo bila saa.
Wo tut es weh? akauliza.
Panauma wapi?
Na Bi. Pyo, ambaye hajawahi kuvuka bahari yoyote,
ambaye hata Busan aliiona mara mbili,
akaonyesha goti.

Bibi akalipapasa lile goti. Akalifunika.
Kisha akanigeukia.
Hakuniita du, kama mjukuu;
alitumia Sie, ile ya heshima,
ile ya kumpokelea mgeni mlangoni na koti lake lililolowa.
Na wewe je? Wewe panakuuma wapi?

Nina alama za juu katika sarufi. Naweza kuuchambua
mnyambuliko wowote utakaonitupia.
Nikafungua kinywa.
Weil, nikasema.
Kwa sababu.
Na kitenzi, kule mwisho, hakikuja.

Nje kulikuwa na mtu anafagia majani ya ginko
na harufu yake mbaya ikaingia dirishani.
Bibi hakuniharakisha.
Aliketi ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani,
akingoja.
Neno hilo limo katika kipande chake.